Boom Likatoka, Nikanunua Deki

Boom la muhula huu lilipoingia, kila mtu chumbani kwetu alikuwa na hesabu zake. Mmoja alikuwa anasubiri kubadilisha simu, mwingine ana deni la mama ntilie lililokwishaota mizizi, wa tatu anataka sabufa. Mimi nikasema naenda Kariakoo kutafuta deki. Walicheka, na sikuwalaumu. Ukisema deki mwaka huu mbele ya watu wanaoangalia tamthilia za Kikorea kwenye simu mpaka saa tisa usiku, ni kama umesema unatafuta kibatari wakati umeme upo.

Tena wana ushahidi. Netflix yenyewe ilianza mwaka 1997 kama kampuni ya kukodisha DVD kwa njia ya posta huko Marekani. Mwaka 2007 ikaanza kuonyesha filamu kupitia intaneti, Januari 2016 ikafungua milango kwa karibu Afrika nzima, na tarehe 29 Septemba 2023 ikatuma DVD yake ya mwisho na kufunga biashara hiyo. Kompyuta mpakato zinazouzwa sasa nyingi hazina kabisa sehemu ya kuingizia CD. Vibanda vya kukodisha CD mtaani vimegeuka kuwa vibanda vya miamala. Basi mtu mwenye miaka 22 anatafuta deki ya nini?

Deki si yangu. Ni ya mama.

Nyumbani kwetu ni Urambo, mkoani Tabora. Mama anauza vitumbua asubuhi, mchana anashughulika na bustani, na jioni akishakula anakaa mbele ya TV. TV yenyewe ni kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mrefu, na chini yake kulikuwa na deki iliyonunuliwa nikiwa darasa la tano. Mwaka jana deki ile ikaanza kugoma. Ukiweka CD inazunguka, inatoa mlio kama panya anatafuna boksi, halafu inaandika kwamba haioni kitu. Fundi wa pale akasema lenzi imekufa na kuibadilisha ni kama kununua nyingine. Mama akaifunika kitambaa, akanyamaza.

Sisi watoto tuko watatu. Dada ameolewa Mwanza, mdogo wangu anatengeneza simu Tabora mjini, na mimi ndiye niliyeko chuo. Tukakubaliana kuchanga. Dada akatoa 60,000, mdogo wangu 30,000, mimi boom likitoka 60,000. Jumla shilingi 150,000. Mzozo ukaanza kwenye matumizi yake.

Mdogo wangu hakutaka kusikia habari ya deki. Hoja yake ilikuwa kwamba tukinunua deki tunanunua maiti. Akapendekeza hela ile iwe ya kuanzia, tuongeze kidogo kidogo tufike kwenye smart TV ya inchi 32, halafu mama awe anaunganishiwa bando. Na kwa haki yake, alisema vitu vya maana. Filamu nyingi za Kibongo na nyimbo za kwaya siku hizi zipo YouTube, huzinunui. Video ukiiweka kwenye ubora wa chini hailambi bando sana. Na deki ikiharibika tena, vipuri vinazidi kuwa adimu.

Mimi nikakaa na kalamu. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kufika GB 1, na ya ubora wa juu GB 3. Filamu ya saa mbili, basi, ni GB 2 hivi. Kwa mabando ninayonunua mimi, GB moja hainipiti chini ya shilingi 2,000. Mama anaangalia filamu tatu au nne kwa wiki. Tukisema tatu tu, ni shilingi 12,000 kwa wiki, karibu 50,000 kwa mwezi. Hata tukikata nusu kwa kushusha ubora wa picha, bado ni 25,000 kila mwezi, yaani vitumbua vingi sana. Na hapo ni bando peke yake, sijagusa bei ya TV. Deki unailipia mara moja, na umeme wake ni mdogo, wati kumi hivi. Luku hata haishtuki.

Mjadala ule ulikwenda siku tisa kwenye grupu letu la WhatsApp. Dada ndiye aliyeuliza swali lililotutoa kwenye mabishano: "Hivi mama mwenyewe mmemuuliza?" Mama ana kitochi. Hayumo kwenye grupu. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo? Umekula?"

"Nimekula. Mama, tunataka kukununulia kitu cha kuangalia picha. Ungependa TV mpya ya kisasa ya kutumia intaneti, au deki?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, mimi nataka kitu nikiweka kinacheza. Kile cha kumwita kwanza mtoto wa jirani aje anifungulie, sikitaki. Nikimwita leo atakuja, kesho atakuja, keshokutwa atakuwa amelala."

Kwangu mimi kesi iliishia hapo. Sisi wengine tulikuwa tunapima bei na ubora wa picha, yeye alikuwa anapima kitu kingine: nani atashika rimoti. Mama amekuwa mwenye nyumba peke yake tangu baba afariki mwaka 2017. Anafunga mlango mwenyewe, anaweka Luku mwenyewe, anajua ni waya upi wa njano na upi wa nyekundu. Kumpa chombo kitakachomfanya aombe msaada kila jioni ndani ya nyumba yake si zawadi, hata kama kingegharimu mara tatu.

Halafu kuna lile boksi.

Chini ya meza ya TV kuna boksi la viatu lenye CD na DVD 63. Nilizihesabu likizo iliyopita. Ukizifungua moja moja unapata historia ya burudani ya nyumba nyingi za Tanzania. Zipo za Mzee Majuto, ambaye mama anamcheka leo kama alivyomcheka mara ya kwanza, ingawa mzee wetu huyo alifariki Agosti 2018. Zipo za Kanumba, ambaye tulimpoteza Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Zipo za kivita na za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kiswahili juu yake na watafsiri kama Lufufu, ambao hawakuwa wanatafsiri tu bali wanatia utani, wanawabadilisha waigizaji majina, wanamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Zipo za kwaya. Baadhi zina stika ya TRA, ile iliyoanza kubandikwa mwaka 2013 ili kazi halali ijulikane. Nyingine, tusidanganyane, hazijawahi kuiona stika kwa macho.

Kuna jambo ambalo wadogo zetu hawatalielewa: kwa nini filamu moja ilikuja na "Part 1" na "Part 2". Mwanzoni ilikuwa ni nafasi. VCD inabeba takriban dakika 74 hadi 80 za picha, kwa hiyo filamu ya saa mbili lazima ikatwe. DVD ilipoenea sababu hiyo ikafa, maana DVD ya kawaida inabeba GB 4.7 na filamu nzima inaingia bila kubanana. Lakini "Part 2" iliendelea kuuzwa peke yake kwa sababu moja tu: ukiachwa kwenye utamu, utarudi dukani. Mama ana "Part 1" saba ambazo mwisho wake haujui mpaka leo.

Sehemu ya boksi hilo unaweza kuipata mtandaoni. Sehemu kubwa huipati, hasa zile zilizotafsiriwa. Na kuna DVD mbili ambazo hakuna mtandao wowote duniani unaozo. Moja ni ya kipaimara. Nyingine ni ya sendofu ya dada, mwaka 2013. Ndani ya hiyo ya sendofu, baada ya MC kupiga kelele weee na keki kukatwa, baba anapewa kipaza sauti atoe nasaha. Anaongea dakika nne. Hatuna sauti yake mahali pengine popote. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa kitochi kama ya mama, na siku zile nani alikuwa anarekodi watu wakiongea?

Mama haiangalii kila siku. Anaiweka pengine mara moja kwa miezi miwili, anairuka mpaka pale anapopajua, anasikiliza, anaitoa, anairudisha kwenye boksi. Haliii. Deki ilipokufa, hiyo ndiyo kazi iliyosimama. Hakuisema, dada ndiye aliyeisema.

Basi nikaanza kutafuta deki kama mtu anayetafuta mwajiri. Kabla ya Kariakoo nilipita kwa fundi wa redio jirani na chuo. Akaniambia, "Dogo, usinunue boksi, nunua lenzi." Akanieleza kwamba deki ya DVD ina mionzi miwili ya leza: mwekundu wa kusoma DVD na mwingine usioonekana kwa macho wa kusoma CD na VCD. Mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine umekufa. Ndiyo maana deki used inaweza kucheza DVD mbele yako vizuri kabisa, ukifika nyumbani ukaweka VCD ya kwaya, kimya. Jaribu zote mbili, tena zako mwenyewe, akasema, usikubali ile CD mpya ya muuzaji inayong'aa kama kioo.

Nikabeba mbili kwenye begi: DVD moja ya Majuto yenye mikwaruzo ya kutosha na VCD moja ya kwaya. Ile ya sendofu niliiacha Urambo, haisafiri ovyo.

Kariakoo deki bado zipo, usidanganywe. Muuzaji wa duka la kwanza akaniambia siku hizi wanaochukua ni watu wa mikoani na wenye maduka ya vijijini. Nikaona aina tatu. Ya kwanza ni ndogo, nyepesi, haina jina la maana, shilingi 55,000. Ya pili kubwa kidogo, ina tundu la HDMI na la flashi, shilingi 75,000. Ya tatu ni used ya kampuni kubwa ya Japani, nzito, shilingi 40,000, na muuzaji anaapa imetoka Ulaya.

Ile used ilinivutia, maana vya zamani vilitengenezwa kwa chuma. Lakini kuna jambo la namba za kanda ambalo wengi hatulijui. DVD za makampuni makubwa ya filamu huwekewa namba kulingana na sehemu ya dunia. Marekani ni kanda ya 1, Ulaya na Japani ni ya 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika tuko ya 5. Deki ya kampuni kubwa iliyotoka Uingereza inaweza kukataa DVD yenye namba nyingine. Hizi za bei rahisi kutoka China kwa kawaida hazibagui, zinacheza chochote. Kwa boksi la mama, ambalo kuna filamu iliyoletwa na mjomba kutoka Dubai na nyingine imetoka sijui wapi, kutobagua ni sifa kubwa. Na ukiletewa deki kutoka Marekani angalia pia umeme: kwao ni volti 120, kwetu 230. Ukiichomeka bila kuangalia, utanusa.

Jambo la pili ni matundu. Kichogo hakina HDMI, kina yale matundu matatu tu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe ya sauti. Deki nyingine mpya zinakuja na HDMI peke yake. Na kinyume chake, TV za flati za siku hizi nyingine zimeondoa matundu yale matatu au zimeyaunganisha kuwa kitundu kimoja kinachotaka waya wa pekee. Kwa hiyo anayenunua deki leo anunue yenye vyote viwili, ili TV ikija kubadilika deki isifukuzwe. Kuhusu yale maandishi ya "Full HD 1080p" kwenye boksi, yasikutie wazimu. Picha ya DVD ni ya mistari 576 tu. Deki inaikuza, lakini haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikurekodiwa. Kwenye kichogo hata hutaona tofauti.

La tatu ni flashi. Hapa ndipo nilipompa mdogo wangu ushindi wake, kwa sababu deki yenye tundu la flashi inamaliza nusu ya ugomvi wetu. Yeye anapakua filamu mjini usiku bando likiwa rahisi, anajaza flashi, anaituma kwa basi. Ila deki za bei hii zinachagua chakula. Nyingi zinakubali mafaili ya AVI na MPEG na kukataa MKV na baadhi ya MP4, na zinataka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ambayo nayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Muulize muuzaji, halafu usimwamini, jaribu kwa flashi yako.

Nikajaribu. Ya 55,000 ilicheza VCD, lakini DVD ya Majuto ilikwama pale pale penye mkwaruzo. Ya 75,000 ikapita. Picha iligawanyika vipande vipande kama sekunde mbili, ikajikusanya, ikaendelea. Nikabembeleza, nikaipata kwa 65,000 na betri za rimoti juu yake. Rimoti yenyewe niliichagua pia: vitufe vikubwa, maandishi yasiyofutika upesi. Mama hasomi vizuri maandishi madogo jioni.

Hela iliyobaki tuligawa hivi: flashi mbili za GB 16 kwa 20,000, na draivu ya nje ya DVD ya kuchomeka kwenye kompyuta kwa 35,000. Elfu 30 tukamtumia mama ya Luku. Draivu ilikuwa ni wazo la fundi. DVD za dukani hugongwa muhuri kiwandani, data inakuwa ndani ya plastiki yenyewe. DVD za harusi, sendofu na kipaimara huchomwa moja moja kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo inachakaa kwa joto na jua hata kama hujaigusa. DVD ya 2013 iliyokaa chini ya bati Urambo kwa zaidi ya miaka kumi, alisema, msiisubiri.

Nilifika nyumbani wiki ya kwanza ya likizo. Kazi ya kunakili si ngumu kama watu wanavyodhani. DVD ya sherehe kwa kawaida haina kufuli. Ukiifungua kwenye kompyuta unakuta folda inaitwa VIDEO_TS, ndani yake kuna mafaili ya VOB yasiyozidi GB 1 kila moja. Unayahamisha kama unavyohamisha desa. Kwenye VCD folda ni MPEGAV na mafaili ni ya DAT. Programu ya VLC inacheza yote hayo.

Kipaimara kikahama chote. Sendofu ikahama mpaka faili la tatu, kompyuta ikagoma. Nikaisafisha kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, nikarudia. Ikagoma tena palepale. Nikatazama dakika: ni baba anaongea. Dakika tatu za kwanza zilikuwa zimepona, ya nne kompyuta inasema haiwezi kusoma.

Mama alikuwa anakaanga vitunguu. Sikumwambia. Nikaitoa DVD, nikaiweka kwenye deki mpya, nikafika pale. Picha ikavunjika, uso wa baba ukawa vijumba vya rangi, lakini sauti haikukatika. Deki inapokutana na data mbovu inaziruka na kuendelea, kompyuta inayonakili inasimama ikidai kila kipande. Nikasikia akimwambia dada kwamba mlango wa kwetu haufungwi kwa komeo, siku yoyote asukume tu. Nikairudisha nyuma, nikaweka simu mbele ya spika ya TV, nikarekodi sauti ile dakika nzima. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi, akasimama mpaka baba akamaliza. Akasema, "Kumbe hii inasoma vizuri," akarudi kwenye vitunguu.

Sasa sauti ile iko kwenye flashi mbili, simu ya dada, na barua pepe yangu. Na DVD imerudi kwenye boksi, kwa sababu mama anaitaka pale.

Wapo watakaosema hili ni jambo la nyumbani, linatuhusu nini wanachuo. Wanaosoma ualimu watanielewa. Kwenye kozi ya teknolojia ya elimu tunaandaa masomo tukidhani kila darasa lina mtandao. Shule niliyofanyia field ilikuwa na TV moja na deki moja kwenye ofisi ya walimu, na mtandao ulikuwa bando la mwalimu mwenyewe. Kipindi cha Historia nilichotaka wanafunzi wakione nilikichoma kwenye DVD, na mikondo miwili ikakiangalia kwa zamu bila kuzunguka-zunguka kwa kile kiduara cha kusubiri. Teknolojia inayofaa ni ile ambayo mtu aliyepo pale anaweza kuiwasha kesho yake wewe ukiwa umeshaondoka.

Siipingi smart TV. Mdogo wangu ameshaanza kuweka hela ya kwake, na siku ikifika tutaipokea, tutaichomeka HDMI, deki itakaa chini yake. Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Likizo hii ukifika nyumbani, kabla hujamwambia mzazi kwamba vitu vyake vimepitwa na wakati, fungua boksi lake uone kuna nini. Angalia zile zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: harusi, ubatizo, mahafali, msiba. Hizo ndizo zinazokufa kwanza.

Draivu ninayo, inasoma vizuri. Anayetaka kuiazima anitafute Idara ya Elimu, ila aje na flashi yake, na airudishe kabla ya UE.